Shajara ya mradi: merikebu ya Lutine na mchanga usiotulia

12 Januari 2025: Swali la mradi

Shajara hii inaandikwa ili mwalimu, mwanafunzi au fundi yeyote atakayependa kurudia kazi hii aweze kuifuata, akijua kilichofaulu, kilichoshindikana na fedha zilizotumika. Mradi wenyewe ni tangi la maji lenye mchanga, linalojengwa katika karakana ya shule hapa Mombasa ili kuchunguza swali moja: kwa nini hazina ya merikebu ya Lutine haijamalizwa kuopolewa kwa zaidi ya miaka 200, ilhali mahali ilipozama pamejulikana tangu mwanzo na kina chake si cha kumtisha mzamiaji?

Lutine iliundwa Toulon, Ufaransa, mwaka 1779, ikaingia mikononi mwa Waingereza mwaka 1793 pale wafuasi wa mfalme wa Ufaransa walipoitoa isitekwe na jeshi la jamhuri. Tarehe 9 Oktoba 1799 iling'oa nanga Yarmouth chini ya Nahodha Lancelot Skynner, ikielekea Cuxhaven na shehena ya dhahabu na fedha inayokadiriwa kuwa ya thamani ya pauni milioni 1.2, iliyokuwa ipelekwe kwa benki za Hamburg zilizokuwa katika hatari ya kuanguka. Usiku ule ule dhoruba ya kaskazini-magharibi na mkondo wa maji viliisukuma hadi kwenye mafungu ya mchanga ya mlango wa Vlie, kati ya visiwa vya Vlieland na Terschelling nchini Uholanzi. Watu wapatao 240 walikuwamo, na karibu wote wakafa. Waliokatia shehena bima katika soko la Lloyd's la London walilipwa fidia yao yote.

Nimeichagua merikebu hii kwa sababu watu wa vizazi mbalimbali wamejaribu kuiopoa mahali pale pale kwa vyombo tofauti: vibano, kengele ya kuzamia (chombo kilicho wazi chini, kinachoshushwa majini na hewa ndani yake), kofia ya mzamiaji, pampu ya mvuke, mnara wa chuma, na hatimaye meli kubwa ya kuchimbua madini ya bati. Chombo kilibadilika kila mara na mchanga ukabaki ule ule. Kwa hiyo inawezekana kuvijaribu vyombo hivyo kimoja kimoja katika tangi na kuona mchanga unakijibu vipi kila kimoja.

2 Februari 2025: Tangi

Tangi limejengwa kwa mbao za plaiwudi ya baharini, urefu mita 2.4, upana mita 1.2 na kimo sentimita 50, na upande mmoja umewekwa kioo ili wanafunzi waone mchanga kwa ubavuni. Uchongaji, upakaji rangi na uzibaji kwa silikoni ni kazi za kawaida ambazo seremala yeyote anazijua, kwa hiyo sizielezi. Kilichotusumbua ni uzito. Maji yalipofika nusu, ubavu mrefu ulianza kuvimba na silikoni ya kioo ikaachia pembeni. Fundi wa kuchomelea alitengeneza mshipi wa pembe za chuma kuzunguka ukingo wa juu na mwingine katikati ya kimo, na tangu hapo ubavu haujasogea. Atakayejenga tangi la ukubwa huu na aweke mshipi huo kabla ya kutia kioo, kwa kuwa kukitoa kioo kilichokwisha kuzibwa ni kazi ya kuchosha kuliko kukitia.

Gharama ya hatua hii: plaiwudi shilingi 15,600, kioo 9,000, silikoni na rangi 6,300, chuma na kuchomelea 7,500. Jumla ni shilingi 38,400.

23 Februari 2025: Maji yaliyokataa kwenda

Mpango wa awali ulikuwa kutumia pampu ya umeme ya nyumbani, inayovuta maji upande mmoja wa tangi na kuyamwaga upande wa pili. Pampu ilifanya kazi yake vizuri, lakini hakuna hata chembe moja ya mchanga iliyotikisika. Hesabu inaonyesha sababu. Pampu ya namna hii hutoa lita moja au zaidi kidogo kwa sekunde. Maji yenye kina cha sentimita 20 katika tangi lenye upana wa mita 1.2 yanahitaji karibu lita 50 kwa sekunde ili yaende kwa kasi ya sentimita 20 kwa sekunde, na kasi ya kiasi hicho ndiyo inayoanza kuinyanyua chembe ya mchanga laini. Pampu yetu ilikuwa inasogeza maji kwa chini ya sentimita moja.

Suluhisho lilikuwa kuacha kusukuma maji kutoka ncha hadi ncha na badala yake kuyafanya yazunguke. Tulisimamisha ukuta wa plaiwudi katikati ya tangi kwa urefu wake, tukaacha nafasi kwenye ncha zote mbili, na tangi likawa njia moja ya mviringo yenye upana wa karibu sentimita 58. Ndani yake tuliweka gurudumu la makasia linaloendeshwa na mota ya waipa ya gari iliyokwisha kutumika, kwa betri ya volti 12. Maji yanayozunguka yanahitaji nguvu ndogo tu ya kushinda msuguano wa kuta, na mota ya waipa ina nguvu ya kutosha ingawa huzunguka polepole. Zipo faida nyingine mbili ambazo zimeokoa mradi huu: ukibadilisha nyaya za betri gurudumu huzunguka kinyume, hivyo tunapata maji kujaa na maji kupwa, na volti 12 karibu na maji ni salama kwa wanafunzi kuliko umeme wa ukutani.

Gharama: pampu 8,500, mota 2,500, betri 7,000, gurudumu na bawaba zake 3,200. Pampu haikutupwa, na baadaye ilipata kazi nyingine.

16 Machi 2025: Mchanga wa vifuu

Mchanga wa mto tulioununua kwa shilingi 2,000, ukachekechwa mara mbili, haukufaa. Sababu ni kipimo. Mfano wetu wa merikebu ni wa moja kwa mia: Lutine ilikuwa na urefu wa karibu mita 44, na mfano una sentimita 44. Chembe ya mchanga wa Vlie ikipunguzwa mara mia inakuwa tope, na tope lina tabia ya kugandamana ambayo mchanga hauna. Tulijaribu udongo laini wa mfinyanzi, na matokeo yakawa maji yaliyochafuka yasiweze kuonekana kitu, na sakafu iliyoganda kama ugali baridi. Kwa upande mwingine, mchanga halisi ni mzito mno kwa mkondo mdogo wa tangi.

Katika maabara za uhandisi wa maji hutumiwa vitu vyepesi, kama vile maganda ya njugu yaliyosagwa, kwa kuwa husukumwa na mkondo dhaifu jinsi mchanga unavyosukumwa na mkondo wa bahari. Pwani hii haina uhaba wa vifuu. Tulikusanya magunia ya vifuu vya nazi, tukavisagisha katika kinu cha chakula cha mifugo, tukachekecha. Siku ya kwanza karibu vyote vilielea kwa sababu ya hewa iliyonasa kwenye vinyweleo. Vilichemshwa, vikalowekwa, vikazama. Kisha vikatoa rangi ya kahawia iliyofanya kioo kisifae kitu, ikabidi maji yabadilishwe mara kwa mara kwa wiki kadhaa hadi rangi ikaisha. Anayerudia kazi hii na aanze kuloweka vifuu siku anayoanza kujenga tangi, maana hatua zote mbili zitaisha kwa wakati mmoja.

Si lazima tangi zima lijazwe. Tumejaza urefu wa mita moja mbele ya kioo, na sehemu iliyobaki tumeinua sakafu kwa plaiwudi hadi usawa huo huo. Kusaga na kusafirisha vimegharimu shilingi 4,800.

Jambo moja lazima lisemwe waziwazi: tangi hili linaonyesha namna mchanga unavyotenda, wala halionyeshi kasi yake. Dakika moja ya tangi haiwezi kugeuzwa kuwa siku kadhaa za Vlie kwa hesabu yoyote ninayoiamini.

6 Aprili 2025: Merikebu yazikwa, na uopoaji wa 1800 na 1801

Mfano wa merikebu umechongwa kwa mbao nyembamba, ukiwa na mataruma (mbavu za merikebu) yanayoonekana, farumi (uzito wa chini wa kuituliza merikebu) ya changarawe, na vipande vya shaba ya manjano kwa ajili ya mikuo, yaani vipande vilivyosubiwa, ya dhahabu. Vipande hivyo viliwekwa katika vipipa vya karatasi nene. Gharama shilingi 3,500.

Uliwekwa ubavu ukiukabili mkondo. Mkondo ulipoanza, mashimo mawili yalichimbika, moja kwenye omo (mbele) na moja kwenye tezi (nyuma), kwa kuwa maji yanayozuiwa na ubavu hukimbilia ncha na kuongeza kasi. Nyuma ya merikebu, ambako maji yametulia, tuta likajengeka. Tulipogeuza mkondo, tuta lilihamia upande wa pili, na kila mageuzi yaliiacha merikebu ikiwa chini zaidi na imeinama zaidi, mpaka ikabaki mstari wa mataruma juu ya mchanga. Hapana aliyeifukia. Merikebu ilijichimbia kaburi kwa kule kusimama kwake njiani mwa maji.

Kwa hiyo siku za mwanzo, kabla ya kazi hiyo kukamilika, ndizo zenye thamani kubwa. Historia inaafiki. Uholanzi ilikuwa vitani na Uingereza mwaka 1799, hivyo ilidai chombo kile kuwa ngawira yake, na katika miaka ya 1800 na 1801 watu wa visiwani, wakifanya kazi kutoka kwenye mashua na kabla ya vazi la mzamiaji kuenea, waliopoa mikuo 58 ya dhahabu, mikuo 35 ya fedha na sarafu zipatazo 42,000. Msimamizi wa mali za pwani wa Terschelling, F. P. Robbé, aliripoti mwaka 1804 kwamba sehemu inayodhaniwa kuwa na hazina ilikuwa imefunikwa na kipande cha ubavu wa merikebu kilichoanguka juu yake.

Katika tangi jambo hilo hilo lilitokea: shimo la upande wa omo lilipozidi kwenda chini, ubavu uliokosa egemeo ukalala juu ya shehena. Vipipa vya karatasi vilikuwa vimekwisha kulegea, na vipande vya shaba vikateremka kupitia mchanga uliolegezwa na mkondo hadi vilipokutana na tabaka gumu. Mapipa ya Lutine nayo yalikuwa dhaifu, ya dhahabu yakiwa na pete za chuma na ya fedha pete za mti, na bila pipa kila mkuo unasafiri peke yake.

27 Aprili 2025: Kengele

Pierre Eschauzier, ofisa wa Terschelling, alipewa gilda 300 na mtawala wa Uholanzi mwaka 1814, akapata sarafu 8 za dhahabu za Ufaransa na 7 za Kihispania zilizoganda kwenye kitako cha sahani. Hakukata tamaa. Kwa amri ya kifalme ya mwaka 1821 aliunda ushirika wa waopoaji, na mwaka 1822 kengele ya kuzamia ikaletwa kutoka Uingereza. Hali ya hewa na mchanga vikaifanya isizae matunda. Katika kipindi hicho Mfalme William wa Kwanza aliitoa sehemu ya hazina iliyokuwa ya dola ya Uholanzi kwa mfalme wa Uingereza, naye akawakabidhi watu wa Lloyd's, na ndiyo maana Lloyd's wamekuwamo katika shauri hili tangu 1823.

Jaribio letu lilikuwa rahisi: bilauri iliyofungwa uzito na kushushwa juu ya mataruma, kimo kidogo juu ya mchanga. Kengele inampa mtu hewa na muda, nayo ni zawadi kubwa, lakini haigusi swali la mchanga hata kidogo. Zaidi ya hapo, kengele yenyewe ni kizuizi kingine njiani mwa maji, ikachimba shimo pembeni mwake na kumwaga mchanga pale pale inapotakiwa kazi ifanyike. Tulipoiinua kidogo, uchimbaji ulipungua, lakini hapo mkono wa mtu usingefika chini. Sikuona marekebisho ya maana kwa tatizo hili, isipokuwa kufanya kazi katika muda mfupi maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa.

25 Mei 2025: Kunyonya mchanga

Hii ndiyo hatua iliyochukua nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa fedha nyingi za waopoaji wa Lutine ziliishia hapa. Mwaka 1867 mhandisi Willem Hendrik ter Meulen alipendekeza mashine ya mvuke ya kusukuma maji kwa nguvu ndani ya mchanga ili kufungua shimo ambalo mzamiaji angeshukia. Katika miaka ya 1911 hadi 1913 waopoaji Waingereza walikwenda na pampu kubwa za kunyonya. Mwaka 1938 ikaletwa Karimata, meli ya kuchimbua bati iliyoundwa kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na iliyosemwa kuwa kubwa kuliko zote za aina yake. Kiangazi kile Karimata iliopoa mkuo mmoja wa dhahabu na sarafu chache.

Pampu iliyoshindwa mwezi Februari ilifungwa mpira mwembamba, nasi tukaanza kunyonya. Jambo la kwanza ni umbo la shimo. Mchanga chini ya maji hausimami wima. Huporomoka hadi ufikie mteremko wa karibu nyuzi 30. Ukikubali nyuzi 30, upana wa shimo juu unakuwa karibu mara tatu na nusu ya kina chake, na ujazo wake unapatikana kwa kuzidisha kina mara tatu kwa chenyewe, kisha kwa 3.14. Shimo la mita 2 linahitaji kuondolewa mita za ujazo 25. La mita 4 linahitaji 201. La mita 8 linahitaji 1,608, na kitako chake bado ni ncha tu, hakina nafasi ya mtu kusimama. Kina kikiongezwa maradufu, kazi huongezeka mara nane. Anayenunua pampu yenye nguvu maradufu akidhani atafika kina maradufu atakuwa amepungukiwa na robo tatu ya nguvu anayoihitaji.

Jambo la pili ni mkondo. Bila mkondo shimo lilitulia. Mkondo ulipowashwa, shimo likawa mtego, kwa sababu kila chembe iliyokuwa inatambaa sakafuni iliangukia humo isiweze kutoka. Kadiri shimo lilivyokuwa pana ndivyo lilivyonasa zaidi. Huko Vlie mkondo hugeuka kila baada ya saa sita na dakika chache, mchana na usiku, na dhoruba moja inaweza kumfanya mwopoaji aanze upya. Tulipata kiwango ambapo pampu ilikuwa inanyonya bila kukoma na shimo halizidi kina hata kidogo. Pampu ilikuwa inafanya kazi ya kulipia mchanga unaoingia, basi.

Jambo la tatu ndilo lililotugharimu. Tuliponyonya karibu na mkuku (uti wa chini wa merikebu) ili tufike kwenye shaba upesi, mchanga ulioshikilia mataruma ulitoka, yakaanguka kuelekea shimoni moja baada ya jingine, na mfano ukavunjika. Ilibidi uchongwe upya kwa shilingi 3,500. Mpira nao ulikuwa umemeza vipande vitatu vya shaba bila mtu kuona, vikakutwa chini ya ndoo. Tangu hapo ncha ya mpira ina kitambaa cha wavu, na chekecheke limewekwa mahali mpira unapomwagia. Chekecheke liliziba haraka kwa vijiti na vipande vya vifuu, tukalazimika kuweka mawili, la matundu makubwa juu na la matundu madogo chini.

Utaratibu uliofaa kidogo kuliko mwingine ulikuwa kuanza upande ule mkondo unakotokea, kuchimba mfereji wa kunasa mchanga kabla haujafika kwenye merikebu, kisha kunyonya polepole ndani. Mfereji ulijaa, lakini ulitupa nafasi ya kufikia shaba iliyokuwa juu juu.

15 Juni 2025: Mnara wa chuma

Katika miaka ya 1930, kabla ya Karimata, ulijaribiwa mnara wa chuma uliozamishwa hadi sakafuni ili kazi ifanyike ndani yake mchanga ukizuiwa nje. Wazo hili ni la busara, kwa kuwa mnara unaondoa tatizo la mteremko: ujazo wa kuchimba unakuwa ule wa silinda peke yake. Tulitumia kipande cha bomba la plastiki la sentimita 20, shilingi 900.

Kuzamisha bomba kulihitaji kulizungusha na kulilemea. Kazi ya kutoa mchanga ndani ilianza vizuri, kisha mwanafunzi mmoja akaendelea kunyonya hadi maji ya ndani yakashuka kuliko ya nje. Ghafla sakafu ndani ya bomba ikachemka, mchanga ukapanda kutoka chini kwa nguvu ya maji ya nje yanayotafuta usawa, na katika muda mfupi bomba likarudi kujaa zaidi ya mwanzo, na shaba ikasambaratishwa. Dawa yake ni moja: usawa wa maji ndani usishuke chini ya ule wa nje, hata kidogo. Tukaweka mpira wa pili unaorudisha maji ndani kwa kiasi kile kile kinachonyonywa, na kuchemka kukakoma.

Kasoro iliyobaki haina dawa ya aina hiyo. Mnara unaona eneo la kitako chake tu. Mikuo imetawanyika, ubavu umeiangukia, na kila mara mnara ukihamishwa lazima uondolewe na kuzamishwa upya, huku mchanga ukijaza alama ya pale ulipokuwa. Mataruma yaliyolala yalizuia bomba kushuka mahali pengi.

13 Julai 2025: Lango la maji

Nahodha mmoja mstaafu wa majahazi wa Mji wa Kale alikuja karakanani, akatazama jaribio la pampu kwa kimya, kisha akaniambia, "Mwalimu, kwanza uliza lango la maji liko wapi mwaka huu, ndipo uulize chombo kiko wapi." Alikuwa akizungumzia vijito na mafungu aliyokuwa akiyapita, ambayo hubadilika baada ya kusi kali.

Maneno yake yalinirudisha kwenye kumbukumbu za Lutine. Mwaka 1857 mkondo mpya ulijifungua katika mafungu ya Vlie na kupita moja kwa moja juu ya merikebu, ukauondoa mchanga bila mashine. Wazamiaji wa kengele na wa kofia walifanya kazi hadi mwaka 1860, wakaopoa mikuo 41 ya dhahabu, mikuo 64 ya fedha na sarafu 15,350. Mwaka 1858 walipata kengele ya merikebu, ambayo hadi leo inaning'inia katika ukumbi wa Lloyd's mjini London, na kutokana na mbao za usukani wake zilitengenezwa kiti na meza. Ukijumlisha na uopoaji wa 1800 na 1801 unapata mikuo 99 ya dhahabu na 99 ya fedha. Karibu yote ilipatikana katika vipindi viwili ambavyo bahari yenyewe iliiacha merikebu wazi. Karimata iliongeza mmoja.

Tulijaribu hilo. Badala ya kugusa merikebu, tuliweka tuta dogo la changarawe upande wa ukuta wa kati, mbali kidogo, likausukuma mkondo uelekee kwenye kioo. Mfereji ulijichonga kando ya tuta, ukasogea polepole, na ulipofika kwenye merikebu uliifunua hadi farumi ikaonekana, bila pampu. Tulikusanya kwa kibano sehemu kubwa ya shaba iliyokuwa imebaki. Kisha mfereji ukaendelea kusogea, na merikebu ikafunikwa tena. Mahali tuta lilipowekwa palihitaji kubadilishwa mara nyingi, kwa kuwa likikaribia sana mfereji ulipita upande usiotakiwa na kurundika mchanga zaidi.

Sishauri mtu aweke tuta katika mlango halisi wa bahari, ambako litaharibu njia za vyombo na fukwe za watu. Ninachokishikilia kutokana na hatua hii ni utaratibu wa kazi: atakayetaka kufika kwenye merikebu iliyo katika mchanga unaohama na apime kina cha eneo zima kila mwaka, achore ramani za mafungu na mifereji, na atunze fedha zake mpaka ramani zionyeshe mfereji unakaribia. Fedha zikitumika kwenye mashine kabla ya hapo, mwaka wa ufunuo utafika na sanduku likiwa tupu. Vlie inadai upimaji huo zaidi ya sehemu nyingine, kwa kuwa tangu boma la Afsluitdijk lilipoifunga ghuba ya Zuiderzee mwaka 1932 mwendo wa maji katika milango ya visiwa hivyo umebadilika, na ramani za zamani hazitoshi kutabiri.

17 Agosti 2025: Nyavu

Hatua ya mwisho ya mpango inageuza swali. Ikiwa mchanga hauwezi kuzuiwa usije, je, unaweza kuzuiwa usiondoke? Merikebu inapofunuliwa, mbao zake huliwa na minyoo ya baharini na kila kitu chepesi huchukuliwa. Katika eneo la Burgzand, karibu na kisiwa cha Texel, Wadachi wamefunika mabaki ya merikebu kwa nyavu za plastiki: mchanga unaosafiri na maji hupita kwenye matundu, hutulia chini ya wavu ambako mkondo ni dhaifu, na tuta hujijenga. Hapa kwetu, frigeti (merikebu ya kivita) ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 wakati wa mzingiro wa Waomani, ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980 na wataalamu wa akiolojia ya baharini pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vyombo vyake vikapelekwa makumbusho, na gofu lake likaachwa chini ya maji likafunikwa tena, kwa kuwa kulitoa na kulihifadhi kungehitaji fedha nyingi mno.

Wavu wa kwanza, wa chandarua, ulikuwa na matundu madogo mno. Vifuu vilirundikana juu yake badala ya kupita, na mkondo ukaung'oa wote kama tanga. Wavu wa pili, wa mifuko ya vitunguu, ulifaa, ila ulipovutwa ukakaza juu ya mataruma haukunasa chochote. Lazima ulegee, uweze kunyanyuka kidogo na kushuka kwa mwendo wa maji. Kingo zake zilichimbuliwa chini mpaka tulipoziongezea upana na kuzilemea kwa vifuko vya changarawe vilivyopangwa bila kuacha pengo. Baada ya marekebisho hayo merikebu ilifunikwa kwa mchanga wa kimo cha kidole, na ufunuo wa mfereji wa mwezi Julai uliporudiwa, tuta lilibaki. Nyavu zote zimegharimu shilingi 600.

Kwa hesabu ya leo mradi umetumia shilingi 74,900, ambazo zaidi ya nusu ni tangi lenyewe. Anayefuata shajara hii anaweza kuacha mchanga wa mto na mfano wa pili, akaokoa shilingi 5,500. Pampu asiiache, ila ainunue kwa ajili ya kunyonya tu. Kazi inayofuata ni kupima tuta la chini ya wavu kila Jumamosi kwa fimbo yenye alama za milimita, mkondo ukiendeshwa kwa kasi ya bamvua (maji makubwa) na kisha kwa kasi ya maji mafu (maji madogo), na vipimo vitaandikwa hapa hatua hiyo itakapokamilika.